Fagio la Bi Mwalimu

"Ukishajua, utafanya nini?"

Swali hilo aliniuliza Bi Mwalimu asubuhi ya kwanza tuliyokutana, kwenye ghuba ndogo iliyo mbele ya Yiti, nje ya Maskati, mahali ambapo lami inakwisha na gari linaendelea kwa ukaidi tu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, nimesomea biolojia, sina kazi, na kila mtu nyumbani kwetu alikuwa amechoka na maswali yangu. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha watu wanaojitolea kuwaangalia kasa. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mitihani, kwamba nataka kujua wametaga wapi, wangapi, na kwa nini hapa na si ghuba ya pili. Aliegemea fagio lake akanitazama, akauliza hilo. Nikasema kitu kuhusu elimu na takwimu.

"Haya, takwimu," akasema. "Shika fagio."

Inafaa nilieleze fagio. Kasa hupanda pwani gizani, akachimba, akataga, akafukia, akarudi majini. Anachoacha ni alama mbili pana za mapezi, kama trekta limetoka baharini, likajuta, likarudi. Kazi yetu ilikuwa kufika baada ya sala ya alfajiri, mwanga umeshaanza, tuzisome alama hizo kabla watu hawajaamka: huyu ametaga, huyu kageuka njiani, huyu amechimba akaghairi. Mara mojamoja tulimkuta aliyechelewa, amelala ukingoni mwa maji akipumzika, anavuta pumzi nzito kama mzee aliyepanda ngazi. Hapo tulikaa mbali, nyuma ya mwamba, mpaka aondoke mwenyewe. Vikundi vingine, kwa nilivyosoma, hupiga picha, huandika, huchomeka kijiti. Bi Mwalimu alisoma, kisha akafagia.

Fagio lenyewe lilikuwa la chelewa, analoletewa na jamaa kutoka Unguja kwa sababu mafagio ya madukani Maskati aliyaita midoli. Alianzia penye shimo akashuka kinyumenyume hadi majini, mkono mmoja mgongoni, kama mwanamke anayefagia uani kwake kabla ya wageni. Alifuta alama za kasa, alifuta na nyayo zake mwenyewe. Akimaliza ungeapa kwamba mchanga ule haujakanyagwa tangu uumbwe.

"Wezi wa mayai hawawezi kusoma ubao uliofutwa," alisema.

Wezi walikuwepo kweli. Na walikuwepo vijana wa mapumziko ya Ijumaa wenye magari makubwa, ambao wakiona alama huzifuata kwa magurudumu kuona zinafika wapi. Lakini mimi sikuwa mtu wa kukubali nusu ya sababu.

"Na mbweha, Bi Mwalimu? Mbweha ananusa. Hahitaji alama."

"Mbweha ana haki yake. Mimi nna ugomvi na binadamu."

Picha alizipiga marufuku. Alisema picha ina miguu: ukiipiga leo asubuhi, jioni iko kwenye simu ya mtu wa Salala usiyemjua. Vijiti marufuku. Kuandika marufuku. Mashimo yote, alisema, yamo kichwani mwake pamoja na majina ya wanafunzi wake. Alikuwa amefundisha jiografia katika skuli ya wasichana mpaka alipostaafu, na nusu ya wanawake wanaokaa nyuma ya meza za serikali katika mji huu walipata kuonja rula yake. Nilishuhudia mara moja, tumekwenda kuomba ruhusa ya kuingia ghubani, mkuu wa idara mwenye kucha zilizopakwa rangi akisimama na kuficha mikono nyuma alipomwona anaingia mlangoni. Ruhusa tuliipata kabla ya kahawa.

Nilimuuliza siku ile garini kama anajisikia fahari kuogopwa na mtu mzima.

"Alikuwa hajui mistari ya latitudo," akasema. "Sasa anaijua."

Hakuwa mtu wa kupendeza. Nasema hivi mapema kwa sababu wengi waliomwandika baadaye kwenye simu zao walimpaka asali. Aliyechelewa alirudishwa. Mhandisi wetu, mwanamume wa makamo ambaye wazee wake walitoka Unguja kama wangu, na ambaye ndiye aliyekianzisha kikundi hiki na kumkaribisha yeye, alichelewa siku moja kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa. Bi Mwalimu alimsimamisha juu ya njia.

"Sabalkheri, Mhandisi. Umekuja kuangalia kasa au kuangalia jua?"

"Mtoto hakulala, Bi Mwalimu."

"Basi mtoto anakuhitaji. Rudi kwake."

Alirudi. Mtu mwenye mvi, anaendesha gari la serikali, karudi.

Taa nazo alizipiga vita. Kasa wadogo wanapotoka mchangani hufuata palipo na mwanga, ambapo kwa desturi ya dunia huwa ni bahari. Ukiwasha taa upande wa nchi kavu, wanakwenda huko wakafa. Alilihubiri hili kwa kila mtu, hata kwa mwenye kibanda cha chai Yiti, akamfanya abadilishe balbu. Halafu ungefika kwake Ansab, nyumba yake ya mjini, ukakuta taa ukutani, taa getini, taa kwenye mti wa ndimu, nyumba inawaka kama kuna harusi. Nilimwambia.

"Kwani Ansab kuna kasa?" akajibu. "Mimi naogopa kiza, mwanangu. Usimwambie mtu."

Nilimwambia kila mtu.

Jambo jingine lililowakera watu ni kwamba alikuwa amekula kasa, na hakuona haya. Kulikuwa na dada mmoja kikundini, machozi yake yako karibu, ambaye alikuwa akiwapa kasa majina. Bi Mwalimu alimsikia akimwita mmoja Warda. Akamgeukia akamweleza, kwa Kiarabu ili asikose hata neno, jinsi alivyokula nyama ya kasa utotoni, ipi ya mchuzi na ipi ya kukaanga, na kwamba ya tumboni ndiyo tamu.

"Nlikula mpaka nkashiba," akanimalizia mimi kwa Kiswahili, dada wa watu ameshajiinamia. "Simpi jina kitu nlichokila."

"Kwa hiyo unalipa deni? Hii ni toba?"

"Toba ni ya Mungu na mimi. Wewe shughulika na takwimu zako."

Alikuwa akisema pia kwamba baadhi yao anawajua. Anaonyesha kasa aliyelala ukingoni, gamba limejaa kome, na kusema: "Huyu nnamjua. Huyu wa miaka mitano nyuma." Mimi hilo lilinikereketa. Hakuna alama, hakuna picha, hakuna kipimo, unamjuaje?

"Umemtia alama gani, Bi Mwalimu?"

"Mamako alikutia alama gani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini swali langu lilibaki vilevile na jibu halikuja. Ndivyo alivyokuwa. Alikushinda bila kukujibu, na wewe ukashukuru kwa kuchekeshwa. Msimu wa tatu, goti lilipomshinda kushuka njia ya mawe, alikaa juu kwenye kiti cha plastiki akatoa amri kwa sauti ya darasani, na hata kutoka kule juu alidai anawatambua.

Sasa yule binti.

Bi Mwalimu alikuwa na mfanyakazi wa nyumbani kutoka Uganda. Alimwita "binti", na sisi sote tukamwita binti, kama vile mama yake alisahau kumpa kitu kingine. Wakati wa msimu wa kutaga Bi Mwalimu alihamia Yiti, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na marehemu mumewe, ya mwisho kabla ya njia ya kushukia ghubani, na binti alihamia naye. Alibeba kiti, birika na fagio. Sisi tuliojitolea tulipopitiwa na usingizi, alishuka yeye akafagia. Hakuhesabiwa katika kikundi. Kwenye fulana tulizochapisha, za kijani, hakupata.

Walikuwa wakisemeshana Kiswahili, cha Unguja upande mmoja na cha bara upande wa pili, kila mmoja akimcheka mwenzake. Binti alikijifunza kwa Wakenya aliofanya nao kazi nyumba ya kwanza.

"Mama, chai iko ready."

"Chai haiko redi. Chai tayari."

"Sawa Mama. Chai tayari, lakini sukari mafi."

"Sukari hamna! Nani kakufundisha kuchanganya hivi?"

"Nyinyi wenyewe, Mama."

Nilimpenda kwa hilo. Siku moja tukiwa wawili, akisuuza vikombe, nilimuuliza lini atakwenda kwao kupumzika. Akasema ana mtoto wa kiume huko, analelewa na nyanya yake, na kwamba kuhusu kwenda Mama ndiye anajua, pasipoti iko kabatini kwa Mama. Alisema bila uchungu, kama mtu anayekwambia mwiko uko droo ya pili.

Mimi sikuwa mtu wa kulala na jambo kama hilo. Asubuhi iliyofuata tulikaa nyuma ya mwamba, kasa mmoja mkubwa anajivuta kuelekea majini, anapumzika, anajivuta tena.

"Bi Mwalimu," nikasema, "kasa anakuja atakapo na kuondoka atakapo, na sisi tunamlinda asiguswe. Na binti je?"

Hakugeuka. "Kasa haniachii jiko."

"Pasipoti yake ni yake. Hata sheria inasema."

"Wa kwanza nlimpa yake. Wiki ya pili kachukuliwa na watu wa ofisi ya bandia ya kuajiri, wakamfungia nyumba moja huko Matrah, mpaka leo mamake ananpigia simu kuniuliza yuko wapi. Nimjibu nini? Huyu yuko kwangu, anakula nlacho, analala penye baridi ya mashine kama mimi. Nnamhifadhi."

"Umemuuliza kama anataka kuhifadhiwa?"

Hapo aligeuka. "Na wewe umemuuliza kasa?"

Kasa aliingia majini. Bi Mwalimu aliniashiria fagio kwa kidevu.

Nimerudi kwenye mazungumzo hayo mara nyingi. Sikuyaamini maelezo yake wakati ule, na siyaamini yote sasa. Lakini simu ya yule mama wa binti wa kwanza niliisikia ikilia kwa masikio yangu, naye akaipokea kila mara.

Msimu huo wa tatu ilikuja khabari kwamba ghuba yetu imepangiwa mradi: nyumba za kupumzikia wageni, ngazi mpaka majini, mkahawa, taa. Kabla ya kibali, watu wa ukaguzi wangekuja asubuhi kadhaa katika mwezi wa kutaga. Wakikuta alama za kasa, mradi ungesogezwa nyuma ya mlima na ghuba ingeachwa. Wasipokuta, ungejengwa. Mambo yalikuwa mepesi hivyo, na hatukuwa na picha hata moja ya kuonyesha. Tulikuwa na kichwa cha Bi Mwalimu tu.

Tulikutana kwake Ansab, katika majlisi, sebule yake ya wageni, chini ya taa zake zote. Tulisema Kiarabu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya kikundi hawajui Kiswahili. Mhandisi alitoa pendekezo: mwezi mzima, hakuna kufagia. Alama zibaki zilivyo, wakaguzi wazione. Na kwa kuwa kampuni ya mradi ilitaka tusiwepo asubuhi hizo, tusije tukaonekana tunawaelekeza, hakuna mwanachama atakayekanyaga ghubani mpaka waondoke.

Bi Mwalimu alipinga kama aliyeambiwa avue nguo. "Mnataka niwaache wazi? Mwezi mzima? Mwizi mmoja akipita?"

"Mwizi ataiba shimo moja," Mhandisi akasema. "Wale wakijenga, wataiba ghuba."

Ilikuwa kweli, na aliijua kuwa kweli. Chai ya maziwa iliingia, ikazungushwa, maandazi yakazungushwa. Watu walimsubiri. Alikaa akisugua goti lake. Mwisho akasema, "Tayyib. Fagio lilale." Dada wa machozi akampiga busu kipajini. Nilitoka pale nikiamini kwamba kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemshinda kwa hoja, na sikujua kwa nini sikufurahi.

Wakaguzi walikuja kwa boti, asubuhi tatu zisizofuatana. Majuma kadhaa baadaye majibu yakatoka: mchanga safi, hakuna dalili za kutaga.

Hatukuelewa. Mhandisi aliandika, akapiga simu, akasumbua, mpaka afisa mmoja akakubali kuja mwenyewe kuona walau shimo moja. Akionyeshwa mayai, alisema, ataandika upya. Tulimshusha ghubani jua likiwa limeshapanda. Bi Mwalimu tulimshusha pia, wanaume wawili wanamshika makwapani, binti nyuma na birika la kahawa na vikombe. Hiyo ndiyo siku ambayo kichwa chake kilitakiwa kifanye kazi.

Alisimama akatazama mwamba, akatazama kichaka, akapima kwa macho. "Hapa," akasema. Tulichimba kwa mikono. Mchanga, mchanga, mchanga wa maji. Akasema labda kushoto kidogo. Tulichimba kushoto. Tukapata kifuniko cha chupa. Akaonyesha pa tatu, na sauti yake ilikuwa imeshapungua, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hakuwa anajua, au alikuwa anajua zamani na sasa hajui, na kwamba pengine hata yule kasa wa miaka mitano nyuma hakuwahi kumjua. Mashimo yalikuwa pale, chini ya miguu yetu, yamefichwa barabara, kama alivyotaka.

Afisa alipangusa mikono. Alikuwa mtu mpole. Akasema kwa Kiarabu, "Mama yangu, wakaguzi waliniambia jambo. Waliniambia mchanga ulikuwa kama uani kwa mtu."

Nakumbuka sauti ya vikombe, kwa kuwa binti alikuwa anamimina kahawa.

Mhandisi alimgeukia Bi Mwalimu polepole, akamuuliza kwa Kiarabu, mbele ya afisa, nani aliyefagia.

Yeye akamjibu kwa Kiswahili. Mbele ya afisa asiyejua Kiswahili, mbele ya nusu ya kikundi isiyojua Kiswahili, alinyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kufika mwisho wa darasa:

"Nimefagia mimi. Mimi peke yangu. Ushasikia? Na asiniulize mtu zaidi."

Nilidhani ni haya. Nilidhani ameona aibu mbele ya mtu wa serikali, akaificha katika lugha ya nyumbani. Mhandisi alimtafsiria afisa, naye akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayewahi mkutano mwingine. Aliondoka. Dada wa machozi alilia, safari hii kwa sababu. Mhandisi alisema maneno ambayo mwanamume wa umri wake hamwambii mwanamke wa umri wa Bi Mwalimu, nikaona aibu, lakini sikumnyamazisha mtu. Niliyaona yanamstahili.

"Uliahidi," Mhandisi alimwambia mwisho. "Ulikaa pale kwako ukaahidi."

"Niliahidi," akasema. Kisha, kwa binti: "Kusanya vikombe tupande."

Nilijaribu kumwelewa. Huo ndio ugonjwa wangu. Nilijiambia kuna watu ambao mkono wao hauwezi kuacha, hata kichwa kikikubali, hata goti likikataa. Nilijiambia alipenda kuwa yeye peke yake mwenye siri kuliko alivyowapenda kasa. Maelezo hayo ya pili niliyapenda zaidi, yalikuwa makali na yalikaa vizuri kinywani. Wiki hiyohiyo nilipiga simu nyumbani kwake, nikitaka kumsikia angalau akijitetea. Aliipokea mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Binti yuko wapi?"

"Kaenda kwao."

"Likizo?"

"Kaenda kwao, nimekwambia. Nimempeleka mwenyewe uwanja wa ndege."

Hapo ndipo nilipokata uhusiano naye. Niliona yote: hasira ilihitaji mahali pa kutua, ikamtua aliye karibu. Miaka pasipoti kabatini, kisha siku moja mizigo nje. Nilimwambia Mhandisi, naye akasema, "Unashangaa nini?" Kikundi kilikufa bila mtu kukizika. Fulana za kijani nilizikuta baadaye kwa fundi wa magari Ansab, anafutia mikono.

Kasa wadogo walitoka wakati wao, kama miezi miwili baada ya kutagwa. Kambi ya wajenzi ilikuwa imeshafika. Nilikwenda asubuhi moja peke yangu. Taa za kambi zilikuwa bado zinawaka ingawa jua lilishatoka, na barabara ya vumbi kutoka ghubani hadi kambini ilikuwa na vitu vyeusi vidogo, vimekauka, vyote vimeelekea upande mmoja. Nilivipiga picha, na sasa hapakuwa na wa kunikataza. Nilizituma kwa afisa. Alinijibu kwa adabu kwamba jalada limefungwa. Ile mistari ya alama ndogo mchangani, ya waliokwenda njia siyo, ilionekana wazi kabisa. Hakuna aliyeifagia.

Nilimwona Bi Mwalimu mara moja tu baada ya hapo, Matrah, miaka miwili mbele. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi, ya maabara, ya kupima maji ya kunywa, na nilikuwa nimetumwa na mama kununua vitambaa sokoni. Alikuwa kwenye kichochoro cha nyuma, amekaa kwenye kigoda cha mwenye duka, fimbo magotini, anamgombeza Mhindi wa watu kwa sababu ya urefu wa doti. Hapakuwa na msichana nyuma yake. Kapu lake lilikuwa chini, amelibeba mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

Alinitazama muda. "Marahaba. Takwimu!" Na uso wake ulifunguka, wallahi ulifunguka, kama vile hakuna kilichopita kati yetu. "Umeolewa?"

"Bado."

"Vizuri. Usiwe na haraka, wewe utamchosha mtu. Beba kapu hili, nnatafuta teksi."

Nililibeba. Tulitembea kwa mwendo wa goti lake, watu wakitugonga mabega. Nilikuwa nimejiandaa miaka miwili kwa maneno ambayo ningemwambia, na sasa yote yalikuwa makubwa kuliko kichochoro. Tulipofika penye jua, barabarani, nilimuuliza lile moja.

"Kwa nini ulifagia?"

Hakushtuka. "Bado unauliza."

"Hukunijibu."

"Mwanafunzi wangu akiniuliza swali mara mbili nilikuwa namsimamisha pembeni, maana mara ya kwanza hakusikiliza. Nilishajibu. Nilijibu mbele ya watu, na kwa lugha niliyoitaka mimi."

"Ghuba imekwenda, Bi Mwalimu. Nimewaona wale wadogo barabarani. Wewe umewaona?"

Teksi ilisimama. Aliingia kwanza fimbo, kisha goti, kisha yeye. Nilimpa kapu. Alilishika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue macho yake yaliondoka kwangu kabla ya yangu.

"Nilikwenda kila siku," akasema. "Mpaka wakaisha. Funga mlango, mwanangu, joto linaingia."

Nikaufunga. Sikumsamehe. Nilirudi nyumbani bila vitambaa.

Alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda hitimani, nikala, nikasikia wakimpaka asali, nikaondoka mapema. Mtu alisambaza picha yake ya kiti cha plastiki, ikazunguka simu hadi simu, picha ina miguu, na inaelekea ilifika mbali, maana baada ya miezi kadhaa nilipata ujumbe wa sauti kutoka nambari ya Uganda. Ulianza hivi: "Sister, ni mimi Nakato." Ilibidi niusikilize hadi katikati ndipo nikajua Nakato ni nani.

Alikuwa ananipa pole kwa Mama. Akasema sasa Mama hayupo anaweza kusema. Zile asubuhi tatu, na nyingine za mwezi ule, ni yeye aliyefagia. Aliona wenye fulana hawaji, siku ya kwanza, ya pili, akafikiri wamechoka, akashuka mwenyewe wakati Mama yuko kwenye msala anasali, akafanya kazi yao vizuri sana mpaka chini majini. Yeye alikuja kuelewa kosa lake siku ile ya birika ghubani, Mama alipojibu kwa Kiswahili. Usiku ule Mama alimfungulia kabati, akampa pasipoti na tiketi, akamwambia, nenda kabla hawajakuuliza. Yeye alimwambia hataki kwenda, bado hajamaliza nyumba ya mtoto wake, alilia, alishika mlango. Mama hakumsikiliza.

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi, nikitafuta uongo, kama kawaida yangu. Nikamwandikia swali moja: siku tuliyokubaliana Ansab fagio lilale, si alikuwepo?

Akajibu kwamba alikuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai kuanzia mwanzo hadi mwisho, sisi sote tulikuwa tunasema Kiarabu, na chake ni cha jikoni tu, na baada ya hapo hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.